Jina la Mtoto na Herufi Zake



Ndugu wasomaji, ni desturi yetu huku Singida, kama ilivyo mahali pengi pa Waislamu, kwamba mtoto akizaliwa baba yake huvaa kofia akaenda kwa mwalimu wa chuo kuomba jina. Hubisha hodi baada ya sala ya alasiri, upepo wa kwetu ukivuma barazani, akasema: "Mwalimu, tumepata mgeni nyumbani. Tupatie jina." Zamani kazi hiyo ilinichukua muda mfupi. Niliuliza siku aliyozaliwa na mwezi, nikauliza kama yuko babu au bibi wanayetaka kumkumbuka, nikataja majina matatu manne ya Mitume na ya Masahaba wanaume kwa wanawake. Baba akachagua, tukaomba dua, akaenda zake.

Siku hizi nimezidisha jambo moja. Jina likishapendeza, humpa baba karatasi na kalamu nikamwambia: "Sasa andika jina hili, na jina lako, na jina la baba yako. Halafu andika herufi za mwanzo peke yake. Soma." Wengi hustaajabu. Mmoja aliniuliza kwa adabu, "Sheikh, herufi za karani zina uhusiano gani na dini?" Makala haya ndiyo jawabu langu. Nami nakiri tangu mwanzo kwamba jawabu hili sikulipata kitabuni. Nililipata kwa aibu.

HERUFI ZILIVYOINGIA KATIKA MAJINA YETU

Wazee wetu waliosoma chuoni hawakujua kukata majina. Mtu aliandikwa fulani bin fulani, na mwanamke fulani binti fulani, jina zima kwa jina zima. Maandishi ya Kiarabu hayana herufi kubwa na ndogo, na Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa maandishi hayo kwa muda wa karne nyingi. Ilipokuja serikali ya Wadachi, iliyotawala Tanganyika mpaka wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, na baada yake ya Waingereza mpaka mwaka 1961, kazi za ofisi na za shule zikafanywa kwa herufi za Kirumi. Karani mwenye daftari jembamba na majina marefu akajifunza kupunguza: herufi moja ya jina la mtu, nukta, herufi moja ya jina la baba yake, nukta, kisha jina la babu. Neno "bin" na neno "binti" likaanza kupotea katika daftari, kwani lilikula nafasi.

Leo watoto wetu wameirithi desturi hiyo bila ya kuuliza ilikotoka. Herufi mbili tatu huzikuta juu ya daftari la hesabu, juu ya sanduku la bweni, ndani ya ukosi wa sare, chini ya kikombe cha uji, na mgongoni mwa fulana ya mpira. Mtoto aliyechaguliwa jina kwa dua na kwa aqiqa huenda akapita miaka mingi ya shule akijulikana kwa herufi mbili na nukta zake.

Na katika herufi hizo, mzazi hana uchaguzi mkubwa. Sisi twaandika majina matatu: la mtoto, la baba na la babu. Mwenyezi Mungu ameamrisha katika Sura ya 33, Al-Ahzab, aya ya 5, kwamba watoto wanasibishwe kwa baba zao. Basi jina la baba halibadilishwi ili lipendeze, wala la babu. Herufi mbili zimekwisha kuandikwa kabla mtoto hajazaliwa. Iliyo mikononi mwetu ni moja tu, ile ya mwanzo.

Sasa Kiswahili ni lugha yenye maneno mafupi mengi, na ofisi zimetuletea vifupisho vingi zaidi. Tufanye mifano. Mtoto ataitwa Ummi, baba yake Juma, babu yake Idi: herufi zake ni U.J.I. Mwingine ataitwa Mariamu, baba yake Bakari, babu yake Uledi: M.B.U. Mwingine ni Pili wa Omari, na P.O. kila mtoto ameiona juu ya bahasha. Ataitwa Sanduku la Posta. Waziri wa Chande atakuta herufi zake zimepigwa rangi juu ya mlango wa choo cha stesheni. Majina yote hayo ni mazuri. Hayana dhambi hata chembe. Lakini watoto wa shule wana macho makali kuliko mwewe, nao hukiona kifaranga kabla mama yake hajakiona.

KIJANA ALIYEITWA "NA KADHALIKA"

Yapata miaka kumi na tano iliyopita nilikuwa na mwanafunzi chuoni, mtoto wa miaka kumi na mmoja. Sitamtaja jina, maana heshima yake nimekwisha kuivunja mara moja. Nitasema tu kwamba herufi zake, yake na ya baba yake, zilikuwa N.K.

Msomaji mwenye watoto wa shule ameshafahamu. Mwalimu wa shule anapoandika ubaoni "mtama, uwele, alizeti, n.k.", humaanisha na kadhalika. Basi kila mwalimu alipoandika hivyo, darasa zima liligeuza shingo kumtazama mtoto huyo. Walipogawana timu za mpira walitaja wachezaji kumi kwa majina yao, kisha wakasema, "na kadhalika," naye akaingia uwanjani wa mwisho. Ilipoletwa sinia ya wali siku ya Maulidi, mmoja alisema, "Anza na Juma, na Ali, na Hamisi, na kadhalika," wakaangua kicheko.

Mbu ni mdudu, na uji ni chakula. Vyote viwili walau ni vitu. Lakini anayeitwa na kadhalika ameambiwa kwamba yeye ni mabaki ya orodha. Ni wale ambao mwandishi amechoka kuwataja.

Mtoto huyo alikuwa na sauti. Alikuwa amemaliza Juzuu Amma na kuingia Tabaraka, na alipokuwa akisoma watu waliopita njiani walipunguza mwendo. Mimi mwenyewe nilimtumaini sana.

Siku moja nilikuwa na orodha niliyopewa kutoka shuleni, ya watoto wa kuandikwa kwa safari ya mashindano ya kusoma Kurani. Orodha ilikuwa kwa herufi. Nikasoma kwa sauti, moja baada ya moja, nikafika kwake, nikasema, "N.K." Kutoka nyuma mtoto mmoja akanong'ona, "Na kadhalika." Chuo kizima kikacheka.

Nami nikacheka.

Sikucheka sana. Nilicheka kidogo, kama acheavyo mtu mzima akisikia mzaha wenye akili, nikaendelea kusoma majina. Lakini mtoto alikuwa akinitazama mimi, wenzake hakuwatazama.

Kesho yake hakuja. Wiki ikapita, ikapita ya pili. Nikaambiwa ana homa, kisha nikaambiwa yuko shambani. Nikavaa kanzu nikaenda kwao. Nilimkuta uani akipura alizeti kwa fimbo juu ya turubai, na mama yake akipepeta. Mama yake akanikaribisha, akaniletea kigoda. Nikamwuliza mtoto kwa nini amekiacha chuo, akakaa kimya. Nikaanza kumpa mawaidha, kwamba asiwasikilize wenzake, kwamba maneno ya watoto ni upepo, kwamba Mwenyezi Mungu amekataza kuitana kwa majina ya kejeli, na kwamba wanaomcheka ndio wenye makosa. Akaiweka chini fimbo yake, akasema taratibu, bila ya utovu wa adabu:

"Mwalimu, aya hiyo ulitufundisha wewe."

Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba radhi pale pale mbele ya mama yake, na siku ya pili nikasimama chuoni nikawaambia wanafunzi wote kwamba mwalimu wao alikosa. Baada ya mwezi alirudi. Alihitimu, alhamdulillahi. Lakini sauti ile hakurudi nayo. Alisoma kwa sauti ya chini mpaka siku aliyoondoka.

DINI YETU YASEMAJE

Aya aliyonikumbusha mtoto imo katika Sura ya 49, Al-Hujurat, ni aya ya 11. Humo Mwenyezi Mungu anawakataza waumini, wanaume kwa wanawake, wasidharauliane, kwani huenda wanaodharauliwa wakawa bora kuliko wanaodharau. Tena wasitiane aibu, wala wasiitane kwa lakabu mbaya. Yapokewa katika Hadithi kwamba Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wa Bani Salima kila mmoja wao ana majina mawili au matatu. Alipomwita mtu kwa moja la majina hayo aliambiwa, ewe Mtume wa Mungu, huyu huchukia kuitwa hivyo. Ndipo ikateremka katazo hilo. Tazameni uzito wake: si mali iliyoibiwa, si damu iliyomwagika. Ni jina tu ambalo mwenyewe halipendi, na Kurani ikateremka kwa ajili yake.

Kuhusu kuchagua, Mtume (s.a.w.) alituonyesha kwa vitendo kwamba jina ni haki ya mtoto. Alifundisha kwamba majina yapendwayo mno na Mwenyezi Mungu ni Abdullah na Abdurrahman. Binti mmoja wa Sayyidna Umar aliitwa Asiya, kwa herufi ya ain, maana yake mwenye kuasi; Mtume akambadilisha akamwita Jamila. Na katika Sahihi ya Bukhari imo habari ya babu wa Said bin al-Musayyib, aliyeitwa Hazn, maana yake ardhi ngumu. Mtume alimwambia kuwa yeye ni Sahl, yaani ardhi laini. Mzee yule akakataa, akasema hatabadilisha jina alilopewa na baba yake. Said mjukuu wake alisimulia kwamba ule ugumu ulibaki katika ukoo wao baada ya hapo.

Habari hii yatufaa sana hapa Tanzania, ambako kuna majina mengi ya matukio: Shida, Tabu, Mashaka, Masumbuko, Kondo. Mzazi alizaa wakati wa njaa au wa msiba, akamtwika mtoto msiba ule maisha yake yote. Mwaka ule ukapita, mvua zikanyesha, ghala likajaa, lakini mtoto akabaki kuwa Shida. Siwalaumu waliopewa majina hayo, wamo wacha Mungu wengi kati yao. Nawasemesha wanaochagua leo.

Lakini hapa nataka tupambanue. Si kila lakabu ni mbaya. Mtume (s.a.w.) alimkuta Sayyidna Ali amelala msikitini, mgongo wake umejaa vumbi, akampangusa na kumwita Abu Turab, baba wa udongo, na imepokewa kwamba Ali hakuwa na jina alilolipenda kuliko hilo. Udongo ni udongo, lakini ulitamkwa kwa mapenzi na mkono ukimpangusa. Na katika nchi yetu, Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Rais tangu 1985 hadi 1995, wananchi walimwita Mzee Ruksa, naye aliishi na lakabu hiyo kwa tabasamu mpaka alipofariki mwaka 2024. Kipimo ni kimoja: mwenyewe akisikia, moyo wake unafunguka au unafungika?

JINA HALIMTENGENEZI MTU PEKE YAKE

Yupo atakayesema, "Mwalimu, unawatia watu hofu. Mtoto imara huishinda kejeli." Ni kweli kwa sehemu yake, nami nitatoa ushahidi.

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Jina lake la kwanza, kwa Kiswahili cha kila siku, ni neno ambalo watoto wangelicheka darasani mpaka mwalimu akapiga meza. Lakini mwaka 1955 mwanamke huyo Mwislamu alishika uongozi wa wanawake wa TANU, akasimama katika mikutano kuwaita wanawake wenzake katika kudai uhuru, na nchi ikamsikiliza. Alifariki mwaka 2000. Leo barabara kubwa ya Dar es Salaam ina jina lake, na makondakta wa daladala hulitaja kutwa kama watajavyo Kariakoo. Vitendo vyake vimelijaza jina lake maana mpya.

Hata herufi ni hivyo. Rais wa nne, Jakaya Mrisho Kikwete, aliyeongoza tangu 2005 hadi 2015, alijulikana nchi nzima kwa herufi mbili, JK. Herufi zenyewe ni kama vikombe vitupu, hunywewa kilichotiwa.

Lakini wazazi wenzangu, tusijidanganye. Bibi Titi tunamjua kwa kuwa alishinda. Walioshindwa hatuwajui, maana waliacha kusoma kwa sauti. Na tofauti nyingine ni hii: mtu mzima huchagua vita vyake, lakini mtoto wa miaka saba hutumwa vitani na sisi, kwa silaha tuliyomchagulia siku ya saba ya maisha yake.

MJUKUU WANGU

Miaka minne iliyopita nilijaribiwa mimi mwenyewe. Mwanangu wa kiume alipata binti. Mama yangu mzazi alikuwa ametangulia mbele ya haki mwaka ule ule, na dada yangu mkubwa alikuwa amekwisha kuamua: mtoto ataitwa jina la mama yetu. Nami nilifurahi, kwani mama alikuwa mtu wa ibada na wa kulisha mayatima, na kumkumbuka mzazi kwa jina ni wema. Mtume (s.a.w.) mwenyewe, alipozaliwa mwanawe, alimwita Ibrahim kwa jina la baba yake Nabii Ibrahim, wala hakungojea siku ya saba.

Mbuzi alikuwa amefungwa chini ya mti. Kaka yake mtoto, aliye darasa la tano, alipewa kazi ya kuandika katika daftari. Akaandika herufi ya jina la mama yangu, akaandika herufi ya jina la mwanangu, akatazama, akaziba mdomo. Nikamwuliza, "Kuna nini?" Akasema, "Babu, mtoto ni T.B."

Vijana waliokuwa barazani wakacheka. Dada yangu akasimama kwa hasira: "Mama yetu ameishi na jina hili miaka themanini! Lini limekuwa ugonjwa?" Na kweli, lini? Mama yangu hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, basi hakuna aliyewahi kulikata jina lake.

Mkwe wangu alikuwa kimya, mtoto mapajani. Kisha akasema: "Baba, shangazi, mimi silikatai jina la bibi. Lakini mnajua jirani yetu alivyokunywa dawa za kifua kikuu mwaka jana. Mliona watu walivyokitenga kikombe chake. Sitaki mwanangu aitwe kwa jina ambalo watu wanakimbia."

Maneno yake yalinigonga kama yale ya mtoto wa alizeti. Kifua kikuu ni maradhi ambayo tiba yake ya kawaida ni ya miezi sita, hutolewa bila ya malipo katika vituo vya afya vya serikali, na mwenye kufuata dawa hupona. Lakini anayeyatamka kuwa tusi huumiza wawili kwa neno moja: mtoto anayechekwa, na mgonjwa anayesikia kwamba maradhi yake ni jambo la kuchekwa. Mgonjwa wa namna hiyo huficha kikohozi chake, naye akificha, nyumba nzima imo hatarini.

Tulikaa mpaka baada ya magharibi. Ningeweza kusema neno moja kama mkubwa wa nyumba na shauri likaisha. Nilikumbuka kicheko changu, nikanyamaza, nikasikiliza. Mwishowe tulipatana hivi. Jina la mama yangu halitaachwa, kwani jina la mtu mwema halifutwi na nukta mbili za karani. Lakini halitakatwa pia. Mtoto ataitwa jina lake zima nyumbani, hataitwa kwa herufi na yeyote, na kila daftari lake litaandikwa kama walivyoandika wazee: jina lake, neno "binti", na jina la baba yake. Yule kaka yake wa darasa la tano, aliyeufungua mlango wa kicheko, ndiye aliyepewa ulinzi wa mlango huo. Na mkwe wangu alisema mbele yetu sote kwamba siku atakaposikia mtu wa nyumba hii akitamka T.B. kwa mzaha, atakuja kwangu kudai jina jingine, nami nitampa. Nikakubali. Mbuzi akachinjwa, nywele zikanyolewa, sadaka ikatolewa.

Leo mtoto ana miaka minne. Shuleni hajaingia. Mtihani wetu bado uko mbele, nasi twamwomba Mungu.

NASAHA

Kwa wazazi nasema haya machache.

Kwanza, tazameni maana. Jina lenye maana njema kwa herufi mbaya ni bora kuliko jina lisilo na maana kwa herufi nzuri. Wapo siku hizi wanaookota majina katika filamu kwa kuwa yanapendeza kuandikwa. Mtoto akiuliza maana yake hawana la kumwambia.

Pili, majina mawili yakiwa mema sawasawa, basi hapo herufi ziachiwe zikate shauri. Andikeni majina matatu kwa ukamilifu, kisha herufi zake. Yasomeni kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa Kinyaturu au Kinyiramba au lugha ya nyumba yenu, na kwa Kiingereza ambacho mtoto atakikuta shuleni. Halafu mwiteni mtoto mmoja wa shule mumwulize yeye anasoma nini. Katika mambo ya mizaha, mtoto wa darasa la tano ndiye mufti.

Tatu, fanyeni hivyo kabla ya siku ya saba na kabla ya cheti cha kuzaliwa. Jina likishaingia katika cheti, na katika daftari la shule, na katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kulibadilisha ni safari za ofisini na kwa wakili, na gharama juu yake.

Nne, msivuke mpaka. Kutazama herufi ili kumkinga mtoto na kejeli ni hadhari, kama kufunga mlango usiku. Kuzihesabu herufi za jina lake na la mama yake ili kutafuta nyota na bahati yake ni kazi ya wapiga ramli, wala haina nafasi katika nyumba ya Mwislamu. Riziki na ajali ya mtoto ziko kwa Muumba wake.

Tano, ikiwa mtoto wenu amekwisha kupewa jina na sasa anachekwa, msimwambie kwamba maneno ni upepo. Mimi nilimwambia hivyo mtoto wa watu, nikajuta. Mwulizeni anaitwaje na nani, mkamsikilize mpaka mwisho. Kisha nendeni kwa mwalimu wake. Na mfundisheni kuandika majina yake yote kwa ukamilifu, kwa mwandiko mzuri, asikate hata moja.

Kwa walimu wenzangu, wa chuo na wa shule, sina maneno mengi. Itaneni majina mazima. Sekunde mbili tunazookoa kwa kumwita mtoto kwa herufi si akiba. Na darasa likicheka, wanafunzi hawautazami ubao. Huutazama uso wetu, wajue kama kicheko kile ni halali.

Na kwenu vijana: mzaha ni jambo jema, na Mtume (s.a.w.) alifanya mzaha na watoto na wazee. Lakini hakumfanyia mzaha mtu kwa jambo analoona haya nalo. Ukiona herufi za mwenzako zinasomeka vibaya, ujue umeona jambo ambalo yeye ameliona kabla yako, tena kila asubuhi anapofungua daftari. Nyamaza, umsitiri. Asiyeweza kunyamaza na amwite jina lake zima. Hiyo pia ni sadaka.

Nimalizie kwa yule kijana wangu. Sasa ni mtu mzima, ana mke, na hufanya biashara ya vitunguu, zao lililoipa sifa Singida yetu. Mwezi uliopita nilinunua kwake gunia moja kwa ajili ya shughuli ya chuo, nikamwomba risiti. Akatoa kitabu chake, akaandika polepole jina lake, akaandika la baba yake, akaandika la babu yake, mstari mzima ukajaa. Akanikabidhi. Nikaisoma risiti yote kwa sauti mbele ya watu waliokuwapo sokoni, jina kwa jina, mpaka mwisho. Naye akatabasamu, akasema, "Ahsante, mwalimu."

Mwenyezi Mungu awape watoto wetu majina mema, na atupe sisi ndimi za kuyatamka kwa heshima. Amin.

Wabillahi tawfiq.